Mkono Mkavu, Nyama Mbichi

Ndugu yangu Mwanatumu hapigi simu kuuliza hali. Akipiga, ujue kuna jambo, na jambo lenyewe huwa ameshalikata. Asubuhi ile aliniambia kwamba nguruwe mwitu wameingia tena shambani, wamefukua muhogo upande wa bahari na kuyalaza mahindi machanga chini kama mikeka. Hakulalamika. Alisema tu kwamba atavuna kitakachobaki, kisha ataifunga nyumba yetu ya kisiwani Chovae aende Mombasa kwa bintiye Fathiya, ambaye siku nyingi amemwekea chumba.

Nilimuuliza shamba la Baba atamwachia nani.

"Nguruwe," akasema. "Wao ndio walio na hamu nalo."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Mimi ni mkubwa wake, na ni mimi niliyepaswa kuwa pale. Lakini mimi nimekuwa mtu wa Kismayu, wa stoo na bandari, na magoti yangu hayapandi tena ngazi ya dungu. Tangu turudi kutoka ukimbizini, ni Mwanatumu peke yake aliyevuka mkondo na kulifyeka upya shamba ambalo vichaka vilikuwa vimelimeza. Akiondoka yeye, hapana wa pili. Misimu michache ya mvua ingetosha, na mtu angepita pale asijue kwamba watu waliwahi kulima, kulala na kuzaliwa mahali hapo.

Shamba liko bara, mkabala na kisiwa. Nilipokuwa mdogo, mahindi yakianza kutoa ndevu, nyumba nzima ilihamia huko. Mama alibeba vyungu, sisi tulibeba kuku, na Baba alibeba kisichobebeka. Tulilala katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mlinzi wa shamba hukesha, na chini ya dungu alilala Tanabahi. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limechanika kwa jino la nguruwe. Baba ndiye aliyempa jina hilo, akisema kila akimwita mbwa, na sisi tulio juu tutakumbuka kuwa macho.

Nimelala katika nyumba nyingi tangu wakati huo. Nimelala katika hema la kambi, katika chumba cha kupanga Mombasa chenye ukuta mmoja wa mabati, na sasa nalala kitandani kwangu Kismayu chini ya feni. Sijalala popote kama nilivyolala juu ya Tanabahi. Alikuwa akipumua chini ya mbao nasi tunamsikia, na akinyamaza ghafla, Baba alikuwa ameshaamka.

Alilishwa mara moja kwa siku, kabla ya jua kuchwa, katika gamba la kasa lililotobolewa ukingoni. Nakumbuka nyama mbichi. Nakumbuka makoko ya sima yaliyoanikwa juu ya paa mpaka yakalia kama vigae. Nakumbuka pia mikono ya Baba ikiwa myeupe, na yeye amechuchumaa. Kwa nini ilikuwa myeupe sikuwahi kujiuliza. Mtoto huona mambo mengi kuwa ndivyo yalivyo.

Basi Mwanatumu alihitaji mbwa, na ilitokea kwamba mimi nilikuwa namjua mmoja.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika yadi ya kuhifadhi makontena karibu na bandari. Wenye yadi walikuwa wanafunga kazi na kuondoka. Katika mali walizokuwa nazo palikuwa na mbwa wa ulinzi, dume kubwa jeusi waliloliita Maksi, lililoletwa kwa ndege likiwa dogo ndani ya kreti. Alikuwa na banda lake, bakuli lake la chuma na chakula chake cha mifuko: punje kavu za kahawia, kila moja sawa na mwenzake, zilizotoka nchi za mbali pamoja na vipuri vya kreni. Tangu azaliwe hakuwahi kula kitu kingine. Msimamizi wetu, Mukhtari, alisema hapana wa kumchukua, kwa hiyo siku ya mwisho askari atammaliza.

Nilimwambia nitamchukua mimi.

Mukhtari alinitazama juu ya miwani. "Mzee Aboud, wewe? Na mbwa?"

"Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda wana ruhusa," nikamjibu. "Soma."

Alicheka, lakini alinipa pamoja na mifuko iliyobaki stoo. Alinionya kwamba mingine haitakuja, na Kismayu yote hapana duka linalouza kitu hicho. Nilimwambia hilo nitalishughulikia.

Nyumbani, mke wangu Safiyya alisimama katikati ya mlango kama bawabu. Hakunikataza, kwa sababu anaijua habari ya shamba na alimpenda Baba. Aliweka masharti. Mbwa atakaa nyuma ya uwa, ukutani, kwa kamba. Chombo chake hakitaingia ndani. Na chakula chake kitakuwa zile punje, nitakazochota kwa kopo, maana kavu kwa kavu haipitishi najisi. Kikiingia kimiminika, au mbwa akinilamba, ni kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, na udongo huo nitautafuta mwenyewe.

"Lakini shambani hakuna punje," nikamwambia. "Lazima ajifunze nyama."

"Hapo ndipo tabu ilipo," akasema Safiyya, akaenda kunitafutia kisu kikuukuu na ubao uliopasuka. "Hivi havirudi jikoni mwangu."

Mimi nimesoma ukubwani. Baada ya kupakua mizigo mchana kutwa Mombasa, nilikuwa nikikaa darasani na watu wazima wenzangu kujifunza kusoma, kisha hesabu, kisha Kiingereza, na sijaacha tangu hapo. Kwa hiyo sikuanza kazi ile kwa kubahatisha. Nilifungua simu, nikachukua kamusi, nikasoma. Mwandishi mmoja alisema nyama mbichi na chakula kikavu visichanganywe kabisa, kwa sababu tumbo la mbwa huvisaga kwa mwendo tofauti. Mwingine, daktari wa wanyama, alisema tumbo la mbwa halina makeke hayo. Muhimu ni kuanza na nyama kidogo ndani ya chakula alichokizoea, kuongeza polepole, kutoiacha nyama juani, na kutompa mifupa iliyopikwa. Niliona huyu wa pili anaongea kama mtu aliyewahi kuwa na mbwa. Nikamfuata.

Sokoni nilikwenda kwa muuza nyama wa Kisomali ninayemjua, nikaomba masalio ya ngamia, mapafu na wengu na vipande vya shingo.

"Adeer," akaniuliza, maana ndivyo wanavyomwita mzee, ami, "unatarajia wageni wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Na humpendi?"

Nilimwambia nampenda sana, nikaondoka akiwa bado anafikiri.

Nyama ile niliikata vipande vidogo kwenye ubao wa Safiyya, kisha nikaiosha. Niliiosha kwa maji mpaka yakatoka meupe, nikaisugua kwa chumvi, nikaikamulia ndimu, nikaiacha kidogo, nikaisuuza tena. Hapana samaki wala nyama iliyowahi kupita katika mikono ya watu wetu bila ndimu. Mama alituambia kwamba mtu huiona nyumba ya uvivu kwa pua kabla hajaiona kwa macho, na shombo ndiyo inayomwelekeza. Yale niliyosoma hayakutaja kuosha hata kidogo, nami sikuona haja ya kukumbushwa jambo la usafi.

Nilichanganya vipande na punje, nikamsogezea Maksi kwa fimbo.

Alikula punje zote. Nyama aliitoa kipande kwa kipande kwa ncha ya meno, akaipanga kando ya bakuli, safi, haina hata alama. Kisha akalala.

Safiyya alikuwa dirishani. "Mgeni wako kashiba," akasema.

Siku iliyofuata nilikata vipande vidogo zaidi. Alivitoa. Nilisaga nyama ikawa laini. Alilamba punje na kuiacha nyama imeshikamana na chuma. Nikafikiri: huyu ni mbwa aliyelelewa kwa chakula kisicho na harufu kali, pua yake imedeka, anachukizwa na shombo. Kwa hiyo nikaongeza ndimu. Nilikamua ndimu tatu mahali pa moja, na mara moja niliongeza tangawizi iliyopondwa. Nyama ikawa nyeupe kama ya kuku na uwa mzima ukanukia vizuri mpaka jirani akauliza tunapika nini. Maksi alinusa, akapiga chafya, akaketi na kunitazama kwa heshima, kama mtu aliyealikwa karamu na kupewa sabuni.

Siku zikapita. Mifuko ikaisha mmoja baada ya mwingine, na nyama ikaishia kwa paka wa mtaa, ambao nao walikuwa wanaichezea kwanza. Nilijua hesabu inakwenda wapi. Mbwa asiyekula ila kitu kisichopatikana ni mbwa aliyekwisha kufa, na mbwa akifa, shamba limekufa naye.

Mwanatumu alipiga simu. Mahindi yaliyosalia yameanza kutoa ndevu, akasema, na nguruwe wanayajua. Mbwa yuko tayari?

"Anazoea," nikasema.

"Anazoea nini?"

"Anazoea," nikarudia, nikamwambia mtandao unakatika.

Ilipobaki nusu ya mfuko wa mwisho niliamua nivuke naye hivyo hivyo. Nilijaza barafu ya samaki katika ndoo, nikatia nyama ndani, nikachukua mfuko wa ndimu. Safiyya alinifungia vitambaa viwili vya swala mbali na ndoo, akaniombea dua, na nadhani dua moja alimwombea mbwa.

Zakir, mwenye boti la mashine linalokwenda visiwani, alipomwona Maksi alivua kofia.

"Mzee, huyu akikojoa botini mwangu, mwoshaji ni wewe."

"Mara saba," nikamkubalia.

"Na udongo utautoa wapi katikati ya maji?"

Abiria wakacheka. Mama mmoja alihamia upande wa pili na vikapu vyake vyote. Mwishowe Maksi aliketi mbele kabisa juu ya gunia, pua imeelekezwa upepo, na hakumgusa mtu wala hakukojoa. Tulipokuwa tunapita kisiwa cha Fuma alianza kutetemeka ubavu, akinusa kitu ambacho sisi hatukukijua. Nami nilikuwa nikitetemeka kidogo, ila mimi nilijua. Kutoka baharini ule ufuko unaonekana vilevile, na kwa kitambo kifupi mtu husahau kwamba walio pwani wamebadilika, au hawapo.

Mwanatumu alitungoja kando ya mikoko, leso kiunoni, panga mkononi. Amekonda, na ana mwendo wa Mama. Alinibusu mkono, kisha akamzunguka Maksi akimkagua pande zote.

"Kaka, nilikuomba mbwa," akasema. "Huyu ni kochi."

Nilimwambia atakonda kazini. Tulipanda shambani. Moyo wangu ulijua njia kabla ya miguu. Dungu alikuwa amelijenga upya palepale, kwenye nguzo za mkoko, na chini yake, limeegemezwa, nililiona gamba la kasa lenye tundu ukingoni. Alilikuta ardhini alipokuwa anafyeka. Nililishika, naye akajifanya anatafuta kuni.

Kisha niliuona mkeka wake. Ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba, na juu yake sanduku. Alikuwa tayari amejifunga safari.

Nilianza kazi bila kupoteza wakati. Nilitoa nyama katika ndoo, nikakata, nikamimina maji, nikakata ndimu. Nilikuwa nimekamua ya pili nilipohisi kimya kingi mno. Nikainua uso. Mwanatumu alikuwa amesimama na kuni mkononi, mdomo wazi.

"Unafanya nini?"

"Namtayarishia chakula."

"Hiyo ndimu ni ya nani?"

"Ya nyama."

"Ya nyama ya nani?"

Kuni zilimwanguka. Alichuchumaa palepale akacheka mpaka akafunika uso kwa leso, na kila akijaribu kusema anaangalia ile ndimu na kuanza upya. Yeye hajaishi mjini muda wangu, na akicheka sana Kibajuni humrudi chote, hata mtu akawa mchu. "Mchu mzima," akasema akipangusa machozi, "mchu mzima, tena kasoma, anamtoa mbwa shombo!"

Nilisema kwa utulivu kwamba nyama haipewi kiumbe bila kuoshwa.

"Kaka Aboud, shombo ndiyo chakula chenyewe. Ukimtolea shombo umempa nini? Umempa karatasi."

Nilikuwa naona mbele ya macho yangu vile vipande vilivyopangwa kando ya bakuli, siku baada ya siku, na paka wakivichezea. Nilicheka na mimi, lakini baadaye kidogo kuliko yeye.

Mwanatumu alikuwa na nyama yake. Paa alinaswa katika mtego wa jirani akafa kabla ya kisu kumfikia. Watu hawali kibudu, ndipo jirani alipomtupia kwa ajili ya mbwa anayekuja. Mwanatumu alikata pande kwa panga, likiwa bado na damu, akalirusha mbele ya Maksi. Tukangoja. Maksi alilinusa kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari hii hakupiga chafya. Alililamba mara moja, akatutazama, akalilamba tena. Kisha akalizunguka, akaenda kulala kando ya mfuko wa punje, kidevu juu yake.

Haikuwa ndimu peke yake. Hakujua kwamba kile ni chakula. Hapana aliyewahi kumwambia.

Kicheko cha Mwanatumu kilikwisha. Aliangalia mahindi, mistari yote ile iliyobaki, ndevu zake zikiwa bado nyekundu. "Basi huyu ni mbwa wa mfuko," akasema polepole. "Mrudishe, kaka. Zakir anaondoka kesho. Nitapanda na mimi." Akaenda kukaza kamba ya mkeka ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Niliketi chini ya dungu. Mfuko ulikuwa karibu yangu, umebaki kidogo, nikatia mkono ndani kumpa Maksi zile punje alizozipenda. Mkono ulipita punje ukafika chini kabisa, penye vumbi lililosagika safarini. Nilipoutoa, ulikuwa umepakwa vumbi mpaka kwenye kifundo.

Nikautazama. Vumbi halikuwa jeupe, lilikuwa la kahawia, lakini mkono niliujua. Ulikuwa umezeeka kama nilivyouona mara ya mwisho, mishipa ileile, kidole cha mwisho kimepinda vilevile. Ulikuwa mkono wa Baba na jua linakuchwa, naye amechuchumaa mbele ya lile gamba.

"Tumu," nikaita. "Mikono ya Baba ilikuwa myeupe kwa nini?"

Aligeuka. "Lini?"

"Akimlisha Tanabahi."

Alisimama, kamba mkononi. Niliona anarudi nyuma, anapita Mombasa, anapita kambi, anapita vita, mpaka akafika. "Unga wa makoko," akasema. "Nilikuwa nikimtwangia mimi. Anamwaga unga ndani ya gamba, anadondosha nyama kwa kijiti, anaivingirisha vingirisha mpaka inakuwa kavu nje. Ndipo anaishika kwa mkono." Akaanza kutabasamu. "Akisema hana nguvu ya kujiosha mara saba kila siku ya Mungu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ningeulizwa, ningesema ile ni dawa ya kumpa mbwa nguvu, siri ya wawindaji wa zamani, na kumbe ni mzee mmoja aliyekuwa anataka mkono mkavu apate kuwahi magharibi. Nilimpenda Baba upya wakati ule, kwa jambo dogo hivyo.

Nilimimina vumbi la mfuko katika gamba la kasa, na punje chache nikazisaga kwa jiwe nikaongeza. Mwanatumu alikata nyama vipande vya ukubwa wa tende, na damu yake. Nikavidondosha kwa kijiti, nikavivingirisha, mpaka kila kimoja kikawa kikavu, cha kahawia, kinanuka kwa nje kama mfuko na kwa ndani kama nyama. Nilikishika cha kwanza kwa vidole. Havikulowa.

Maksi alikuwa amekwisha kuinua kichwa.

Alikichukua kwa heshima yake ileile, kwa ncha ya meno, kama anayetaka kukitoa na kukipanga kando. Akauma. Tuliona uso wake ukibadilika. Sijui namna nyingine ya kueleza. Masikio yalirudi nyuma, macho yakawa membamba, akasimama wima kabisa na kipande mdomoni, kama aliyeitwa jina lake na mtu aliyemsahau. Kisha akameza. Kisha hakuwa tena na heshima yoyote. Alitia kichwa chote ndani ya gamba la kasa, na gamba likawa linatembea mchangani naye analifuata.

Mwanatumu alikaa juu ya sanduku lake akamtazama mpaka mwisho.

Zakir aliondoka kesho yake bila sisi. Nilibaki wiki ile na sehemu ya nyingine. Tulianika makoko ya sima juu ya paa, Mwanatumu akayatwanga kwa kinu cha sauti ileile ya utotoni, na kila jioni tulipunguza vumbi la mfuko na kuongeza unga wa makoko, kama alivyoshauri yule daktari wa kwenye simu, ambaye nasisitiza kwamba hakukosea. Punje zilipokwisha Maksi hakujua. Alipata nyama ya paa, utumbo wa mbuzi, vichwa vya samaki, vyote vikiwa na shombo yake, na pembeni makoko mazima ya kutafuna. Ukochi ulianza kumtoka.

Nguruwe walikuja alfajiri, nimetoka kutawadha. Kwanza nilisikia kimya chini ya dungu, kimya cha ghafla, nami nikasimama na maji yanatiririka kwenye viwiko, kwa maana kimya kile nilikifahamu kuliko sauti yoyote duniani. Kisha Maksi akabweka. Hakuwa amebweka tangu tuondoke mjini. Lilikuwa bweko la yadi ya makontena, zito, la kutisha wezi, na nguruwe ambao hawakuwahi kusikia kitu kama hicho walitoka mahindini kwa kishindo na kukatiza kichakani, naye nyuma yao. Alirudi baadaye, ulimi nje, miiba kifuani, mguu mmoja unachechemea. Hapana hindi lililolala siku hiyo.

Mwanatumu alishuka ngazi, akachuchumaa mbali kidogo, akamtazama. Hakumgusa. Sisi hatuwagusi, lakini kuna kutazama ambako kunatosha.

"Tanabahi," akamwambia.

Nilisema huyo ana jina lake, na tena ni dume.

"Jina la wapi? La kontena?" akasema. "Huku ni Tanabahi." Na mbwa akapiga mkia mchangani.

Siku Zakir aliponifuata, Mwanatumu alinisindikiza mpaka mikokoni. Tuliongea habari za mbegu, na paa la dungu linalovuja, na kama ningeweza kumletea kamba nzuri ya mjini. Boti lilipokuwa limeshawashwa ndipo aliposema kilichokuwa moyoni, akitazama kwingine.

"Ukimpigia Fathiya, mwambie kile chumba apangishe mtu. Nitamtembelea baada ya mavuno. Kumtembelea tu."

Nilimwambia nitampigia leo leo. Nikapanda.

Nilikuwa nimejitwaharisha kwa mchanga na maji inavyopasa, nguo nimebadili, na kofia nimevaa. Hata hivyo tulipofika mbali kidogo Zakir alikunja pua akaniangalia.

"Mzee, unanuka shombo."

Nilinusa vidole. Ni kweli. Chini ya kucha ilikuwamo bado harufu ya nyama na makoko, harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nikiwa mtoto wa kubeba kuku. Mfuko wa ndimu ulikuwa miguuni pangu, umejaa nusu. Zakir aliuona akanisogezea kwa kidole cha mguu.

Niliuacha ulipo.